Jean Bosco Mwenda: Mpiga gitaa wa Bunkeya na wimbo uliomfuata maisha yake yote

Mwaka 1952, katika barabara za Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, kijana mmoja wa miaka 22 alikuwa akitembea huku akipiga gitaa. Mzungu aliyekuwa akizunguka Kongo na mitambo ya kurekodi sauti alimsikia na kumsimamisha. Kutokana na kukutana huko zilipatikana rekodi kadhaa. Mojawapo ni Masanga, wimbo wa gitaa ambao zaidi ya miaka 70 baadaye bado unafundishwa, unaigwa na kubishaniwa katika nchi ambazo mtunzi wake hakuwahi kuziwazia.

Kijana huyo aliitwa Jean Bosco Mwenda. Wakongo wengi wa rika lake walimjua kwa jina moja tu, Bosco. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari. Wimbo wake haukufa naye, lakini uliacha swali ambalo wapenzi wa muziki hawajalimaliza: katika rekodi zote za Masanga zilizopo, za Bosco mwenyewe na za wale waliomwiga, Masanga yenyewe ni ipi?

Mtoto wa Bunkeya

Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga. Bunkeya ina nafasi kubwa katika historia ya Kongo. Katika karne ya 19 ilikuwa makao makuu ya Msiri, mtawala aliyetoka Unyamwezi, sehemu ya Tanzania ya leo, akajenga ufalme wa Wayeke kwa biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa.

Wakati huohuo, upande wa kaskazini, Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa Tippu Tip na watu wake waliotoka Zanzibar na pwani. Miji hiyo miwili iliangukia mikononi mwa watu wa Mfalme Leopold wa Pili karibu wakati mmoja. Msiri aliuawa mwezi Desemba 1891. Kasongo ikatekwa na majeshi ya Dhanis mwezi Aprili 1893.

Misafara ile ilileta vita na utumwa, lakini iliacha pia lugha. Ndiyo maana mtu wa Kasongo, wa Kabambare au wa Wamaza akisikiliza nyimbo za Bosco hahitaji mkalimani. Maneno mengine ni ya Katanga zaidi, lakini mutoto ni mutoto, na muntu ni muntu, kama anavyosema yeye nyumbani kwake Maniema.

Hata jina la Mwenda lina uzito wake. Ni jina la enzi huko Bunkeya: Msiri alilitumia, na watawala waliomrithi wakaendelea kulibeba. Miaka mingi baadaye mpiga gitaa huyu angejitambulisha kwa jina la Mwenda wa Bayeke, yaani Mwenda wa watu wa Wayeke.

Lakini ulimwengu aliokulia ulikuwa wa migodi, si wa misafara. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa ikichimba shaba ya Katanga. Ilikusanya wafanyakazi kutoka mbali: Lomami, Kasai, Rwanda, Burundi na kwingineko. Katika kambi za wafanyakazi, watu wa makabila mengi waliishi mlango kwa mlango, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazi, ya soko na ya mapenzi.

Pamoja na watu ziliingia bidhaa: baiskeli, cherehani, gramafoni na gitaa. Santuri za Kuba zilisikika, zikiwemo za Trio Matamoros, na filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani zikaonyeshwa. Wataalamu wa muziki wamesikia athari hizo zote katika upigaji wa Bosco, pamoja na muziki wa asili wa Kongo mashariki na wa Zambia. Bosco alisoma shule, akapata kazi ya ofisini, na jioni gitaa lilikuwa mkononi.

Siku ya kurekodiwa

Mzungu aliyemkuta njiani alikuwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana na kutumia maisha yake kurekodi muziki wa Afrika. Alisafiri kwa magari yaliyobeba mitambo, akipita vijiji na miji ya nchi nyingi, kutoka kusini hadi Afrika Mashariki na Kongo. Baadhi ya rekodi zake zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini kwenye santuri za Gallotone.

Mara nyingi Tracey alitafuta muziki wa kale, ule aliohofia kwamba miji ingeumeza. Bosco alikuwa kinyume cha hilo: kijana wa mjini, mwenye ala ya kigeni, anayeimba kwa lugha ya mchanganyiko wa watu. Hata hivyo Tracey alitambua alichokisikia. Alirekodi Masanga, Bombalaka na nyimbo nyingine, na santuri zikaenea. Mwaka huohuo Masanga ilipata tuzo ya Osborn, iliyotolewa kwa muziki bora wa Kiafrika.

Santuri za wakati ule zilikuwa na kipimo kimoja kisichobadilika. Upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi. Mpiga gitaa aliyezoea kuzunguka na wimbo wake barabarani kwa muda autakao, akisimama, akirudia na kuongeza, alipaswa kuubana ndani ya dakika hizo. Tunachokisikia katika Masanga ya 1952 ni Bosco wa siku moja, katika dakika tatu, mbele ya maikrofoni ya mgeni.

Vidole viwili

Ajabu ya Masanga inaanzia kwenye mkono wa kulia. Bosco alipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene na kutembeza besi. Kidole cha shahada kilipanda juu na kuimba. Midundo ya vidole hivyo haikwenda sambamba muda wote; ilipishana, ikakutana, ikapishana tena. Anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani kuna watu wawili wanaopiga.

Mtindo huo haukuwa wa Bosco peke yake. Katanga ya miaka ya 1950 ilikuwa na wapiga gitaa wengi wa vidole viwili, wakiwemo Losta Abelo na Edouard Masengo, ambaye alikuwa binamu yake Bosco. Lakini wengi walilitumia gitaa kusindikiza sauti. Katika Masanga, gitaa lenyewe ndilo msemaji. Kifungu kifupi cha muziki kinazunguka na kurudi, na kila kinaporudi kimebadilika kidogo: noti moja imeongezwa, nyingine imecheleweshwa, besi imegeuzwa.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa wimbo huu. Kifungu chake cha kwanza mwanafunzi mwenye bidii anaweza kukipata kwa wiki chache. Kukibadilisha kila mara bila kupoteza mwendo ni kazi ya miaka.

Kutoka Nairobi hadi Newport

Santuri za Gallotone zilivuka mipaka, na mwenyewe akazifuata. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Bosco aliishi kwa muda Nairobi, ambako alikuwa na kipindi chake redioni. Masengo naye alifika Kenya. Wapiga gitaa wa magharibi mwa Kenya walikuwa tayari na mitindo yao ya vidole, kama ilivyosikika kwa George Mukabi na John Mwale, na kuja kwa Wakongo hao kuliwasha moto zaidi. Kwa Wakenya wengi wa wakati huo, Kongo ilikuwa kwanza gitaa la Katanga lenye maneno ya Kiswahili. Muziki wa Kilingala wenye magitaa ya umeme ulikuja kuchukua nafasi hiyo baadaye.

Nyumbani mambo yalibadilika kwa kasi. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga, na vita vilivyofuata havikwisha hadi Januari 1963. Jadotville yenyewe ilikuwa uwanja wa mapigano mwezi Septemba 1961, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walipozingirwa pale na kulazimika kujisalimisha. Mwaka 1966 majina ya Kibelgiji yalifutwa: Jadotville ikawa Likasi, na Elisabethville ikawa Lubumbashi.

Katikati ya hayo yote Bosco aliendelea kupiga. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport nchini Marekani, mojawapo ya majukwaa makubwa ya muziki wa asili duniani. Watu waliomjua kwa santuri tu walimwona kwa macho yao. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu siku ile ya Jadotville.

Masanga ipi?

Ili kuelewa ubishi kuhusu Masanga, inafaa kutazama muziki wa piano wa Ulaya. Huko kuna mtunzi aitwaye Franz Liszt, Mhungaria aliyezaliwa mwaka 1811, aliyekuwa mpiga piano hodari kuliko karibu wote wa zama zake. Aliandika vipande vigumu sana, kikiwemo La Campanella, kilichojengwa juu ya muziki wa mpiga fidla Paganini. Wapenzi wa piano hukusanya rekodi za wapigaji mbalimbali wa kipande hicho na kuzilinganisha: nani ana kasi, nani ana utulivu, nani amefuata alichokiandika mtunzi na nani ameongeza chumvi.

Lakini Liszt alifariki mwaka 1886 bila kuacha rekodi hata moja ya sauti. Aliacha karatasi. Kila mpiga piano anayeichukua La Campanella ana noti zote mbele yake, ila hajui hasa vidole vya Liszt vilisikikaje. Ndiyo maana ubishi hauishi.

Kwa Bosco mambo yako kinyume. Yeye aliacha sauti bila karatasi. Anayetaka kujifunza Masanga anaweza kumsikia mtunzi mwenyewe, lakini hana pa kutazama ili ajue kipi ni cha lazima na kipi kilikuja siku ile tu. Je, noti ile ndogo ya katikati ni sehemu ya wimbo, au kidole kiliteleza? Je, kifungu hiki hurudiwa mara nne kwa makusudi, au ni kwa sababu santuri ilikuwa inakaribia mwisho?

Mtaalamu David Rycroft alijaribu kujibu maswali hayo. Mwaka 1961 na 1962, katika jarida la African Music, alichapisha uchunguzi mrefu wa nyimbo za Bosco, akizigeuza rekodi kuwa noti zilizoandikwa. Neno alilolichagua kuelezea kazi ya Bosco lilikuwa ubunifu wa papo hapo. Kwake, Bosco hakuwa mtu aliyekariri kipande na kukitoa vilevile kila siku. Alikuwa na vifungu vyake, alivijua kama msimuliaji anavyojua hadithi yake, na alivipanga upya akiwa anapiga.

Ushahidi mwingine mkubwa ulipatikana mwaka 1982. Bosco, akiwa na umri wa miaka 52, alikwenda Ujerumani, ambako alirekodiwa upya. Mtafiti wa Austria Gerhard Kubik alimpiga pia picha za filamu akiwa na gitaa. Hivyo wapenzi wa mbali waliweza kuitazama mikono yake. Waliokuwa wakibishana kama kweli ni vidole viwili tu wakapata jibu.

Anayeilinganisha rekodi ya 1952 na ya 1982 anakutana na jambo linalowapata wasanii wengi walioanza mapema. Rekodi ya ujana ndiyo iliyozoeleka masikioni, kwa hiyo ndiyo inayofanywa kipimo. Mtu mzima aliyeitunga anahukumiwa kwa kulinganishwa na kijana aliyekuwa. Akipiga tofauti, baadhi husema amesahau. Lakini kwa muziki wa aina hii, tofauti hizo ndizo muziki wenyewe. Kama Bosco angepiga mwaka 1982 noti kwa noti kama 1952, angekuwa anamwiga Bosco.

Hapo ndipo rekodi za wengine zinapotenganika. Wapo waigaji wa Ulaya na Marekani wanaotoa nakala safi ya dakika tatu za Jadotville, bila kukosea hata pumzi. Kazi yao ni ya heshima na ni ngumu. Wapo wengine walioona kwamba nakala haitoshi. Mwingereza John Low alifunga safari hadi Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, kuwatafuta wapigaji wa mtindo ule, na mwaka 1982 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo, Shaba Diary. Alitaka kujifunza kutoka kwa watu wenyewe, si kutoka kwa santuri peke yake. Mwanafunzi wa namna hiyo akipiga Masanga, huenda isifanane sana na rekodi ya 1952, lakini inaweza kuwa karibu zaidi na namna Bosco alivyokuwa akiipiga barabarani kabla ya maikrofoni kuwashwa.

Mtu wa kazi

Sifa zote hizo hazikumfanya Bosco aishi kwa gitaa peke yake. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Lubumbashi. Alifanya kazi za ofisi na za benki, akasimamia vikundi vya muziki, na baadaye akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Alikuwa mtu wa mishahara, mahesabu na wateja, aliyejulikana katika mji wake kwa mengi zaidi ya santuri za ujana.

Wakati wa utawala wa Mobutu majina ya Kikristo yaliwekwa kando kwa amri ya serikali, na Katanga yenyewe ikaitwa Shaba. Jean Bosco wa kwenye santuri za zamani akawa Mwenda wa Bayeke. Wasikilizaji wengine wa nje walichukua muda kutambua kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Redioni, wakati huo, sauti ya Kongo ilikuwa ya Kinshasa: bendi kubwa, magitaa ya umeme, Kilingala. Gitaa lisilo na umeme la mtu mmoja lilionekana jambo la wazee. Bosco hakufutika, lakini vijana waliotaka kuwa nyota hawakuanza tena kwa kukaa miguuni pa mtu kama yeye.

Mwaka 1988, akiwa na miaka 58, alirekodi tena studioni huko Cape Town, Afrika Kusini. Santuri zake za kwanza zilikuwa zimetolewa na kampuni ya nchi hiyohiyo. Safari hii haikuwa ya kusimamishwa njiani na mgeni. Alikuwa mtu mzima aliyejua thamani ya alichokuwa nacho, akiziacha nyimbo zake kama alivyozijua wakati huo.

Miaka miwili baadaye, mwezi Septemba 1990, alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Alichoacha

Rekodi za Tracey zinahifadhiwa leo katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Makhanda, Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Masanga ya 1952 imetolewa tena zaidi ya mara moja na inapatikana hata kwenye simu. Uchunguzi wa Rycroft bado unasomwa vyuoni, na filamu ya Kubik bado inatazamwa na wanaotaka kuona gumba na kidole cha shahada vikifanya kazi.

Lakini hifadhi ina hatari yake. Wimbo uliowekwa kabatini haubadiliki, na huu ulitungwa ubadilike. Kama Masanga itabaki dakika tatu za mwaka 1952 zinazonakiliwa na wageni hodari, kitakachobaki ni sauti ya Bosco bila njia yake ya kupiga. Njia hiyo hupita kwa mtu kukaa karibu na mtu, kutazama mkono, kukosea, kurudia, kisha siku moja kuongeza cha kwake.

Kijana wa Likasi, wa Kasongo au wa Kabambare anayelishika gitaa leo ana jambo moja ambalo waigaji wa mbali walilazimika kulitafuta kwa kamusi: lugha aliyoimbia Bosco ni lugha ya nyumbani kwao. Akianza na Masanga, atakosa noti zilizoandikwa na mtunzi mwenyewe, na pengine hatampata mwalimu karibu. Bosco naye hakuitoa Masanga kwenye karatasi. Aliitoa barabarani, akitembea, kwa vidole viwili.